Uzoefu wangu na programu ya kupanga herufi: mwenzi ipo, wenzi haipo

Kama unatafuta kitu cha kuchezea kwenye simu kisichomaliza bando na kinachokuachia neno jipya kichwani, programu hii ya kupanga herufi zilizovurugwa itakufaa. Kama unataka iwe mwamuzi wa ubishi wa Kiswahili, bado sana. Mimi naitumia kwenye dirisha la tiketi hapa stendi ya Moshi, maana mabasi ya Dar ya asubuhi yakishaondoka kazi inapoa mpaka abiria wa mchana waanze kuingia.

Inafanya mambo mawili. La kwanza ni mchezo: inakupa herufi zimechanganywa, unatafuta neno. La pili, ambalo ndilo nalipenda, unaandika herufi zako mwenyewe na inakutolea maneno yote yaliyomo, marefu yakitangulia, na ukigusa neno unapata maana. Andika samaki uone. Zinatoka samaki, kamasi, makasi na masika, zote kwa herufi zilezile sita. Nilipowasomea makondakta wakiwa wanakula kwa mama ntilie, mmoja aliisukuma sahani kando. Kitabu inaleta katibu na tibuka. Lima inaleta mali, mila, lami na imla, ile ya mwalimu kusoma nanyi mnaandika, ambayo sikuwa nimeisikia tangu shule ya msingi. Moshi inatoa shimo, jambo lililowafurahisha mno jamaa wa Arusha. Arusha yao inatoa ashura, ile siku ya kumi ya Muharram, na rusha ukiacha herufi moja.

Majibu yanakuja kabla hujainua kidole. Fundi simu wa jirani alinieleza kwamba haijaribu kila mpangilio. Samaki peke yake, kwa kuwa A ziko mbili, ina mipangilio 360. Neno la herufi saba zisizojirudia lina 5,040. Kinachofanyika ni kwamba kila neno la kwenye orodha yao limeshapangwa herufi zake kwa kufuata alfabeti: samaki inakuwa aaikms, kamasi nayo aaikms. Herufi zako zinapangwa hivyohivyo, kisha inatafuta zinazolingana. Basi akili yake yote iko kwenye orodha, na neno lisilo kwenye orodha kwake halijazaliwa.

Orodha yenyewe wameizoa kwenye kamusi, na kamusi ya Kiswahili haiandiki kila umbo la neno. Inaandika kitabu, inakuonyesha kwamba wingi wake ni vi-, inasonga mbele. Inaandika pika, alipika, tutapika na hawajapika utajitengenezea mwenyewe. Kwa binadamu hakuna shida. Programu imeyachukua kama yalivyo: kitabu sawa, vitabu kosa. Niliandika Mawenzi, kile kilele cha Kilimanjaro tunachokiona kulia kwa Kibo mawingu yakifunguka, nikagundua kwamba ndani ya herufi zake saba mna mwenzi na wingi wake, wenzi. Wenzi ikakataa. Mwenzi inamjua, wenzi haijakutana nao.

Sisemi kazi ni rahisi. Ukiruhusu viambishi vyote, hakuna atakayeshindwa. Kuna konda hapa, ukimpa kitenzi chochote anakutengenezea sentensi nzima. "Dada, alikikata si neno? Mbona naandika pamoja?" Na ana hoja, kwa sababu kwetu mtenda, wakati na mtendwa wote wanapanda gari moja. Sisi pale dirishani tumekubaliana hivi: wingi ruksa, -ni ya mahali ruksa, kitenzi kiwe na ku- au kibaki kitupu, basi. Ubishi umepungua, haujaisha. Lakini kama watu wa stendi wameweza kukaa wakapanga sheria, wenye programu nao wangeweza kumwekea mchezaji kitufe cha kuchagua.

Alama wamezitoa kwenye Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kuunda maneno kwa kete za herufi, bila kuzigusa. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huo miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ya kwao ili ajue zipi ni adimu na zipi zimejaa. Ndiyo maana katika kete 100 za Kiingereza K iko moja tu, yenye alama 5, na W ina alama 4. Kwetu K na W zimejaa kila kona. Kwa seti ile huwezi hata kuandika kuku au kaka mpaka utumie kete tupu iwe K ya pili. Kwenye simu K zinatolewa za kutosha, ila thamani imebaki ya Kiingereza, kwa hiyo anayeandika kuku anachukua 12, na aliyekuna kichwa mpaka akapata tasnia anaambulia 6. Mara nyingine inakutupia Q au X, ambazo alfabeti yetu haina, au C bila H ya kuisindikiza. Ritifaa haimo kabisa, hivyo ng'ombe huwezi kuandika.

Maana ni fupi, na nyingi zinatosha. Paa wameandika ni sehemu ya juu ya nyumba, wakaishia hapo. Paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba hawakukumbukwa. Upande mwingine, ndani ya herufi za kahawa nilikuta kawa. Mimi mtu wa huku migombani nilidhani ni kosa la uchapaji. Nikagusa: kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili. Mama mmoja kutoka Tanga aliyekuwa anasubiri basi akashangaa: "Mwanangu, kwenu chakula mnafunika na nini?" Nikamwambia sahani nyingine. Akasikitika.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikataa. Mtori, supu yetu ya ndizi, ikakubali. Sijui nani aliamua.

Upande wa Kiingereza uko vizuri kuliko wetu, na mdogo wangu wa kidato cha pili ndio anaotumia zaidi. Wingi wanaukubali, vitenzi vya wakati uliopita wanavikubali, maana zipo. Inauma kidogo ukilinganisha.

Matangazo ni mengi, linakuja moja kila ukimaliza raundi, lakini ukizima data yanatulia na mchezo unaendelea kama kawaida. Kuyaondoa kwa kulipia ni bei ya chipsi mayai kwa mwezi, na sijalipa. Niliwaandikia kuhusu vitabu, wenzi na ng'ombe. Wakajibu kwa adabu kwamba wingi unashughulikiwa, ritifaa hawakuigusia. Nyota tatu kwa tano. Vitabu ikikubaliwa, nalipia.