Nilipima jeni nipangiwe chakula cha mkimbiaji, wakaniachisha maziwa ya kwetu

Sikuwa na nia ya kuandika lakini juzi kijana mmoja ameniuliza tena pale jeti ati ile huduma ya kupima jeni za wanamichezo inafaa, nikapandwa na hasira upya kama vile mambo yametokea jana, basi bora niseme yote mara moja.

Mimi nakimbia. Silipwi, lakini kila alfajiri nikimaliza kuswali natoka mjini Lamu kwa miguu mpaka Shela, halafu nashika ule ufuo mrefu hadi miguu iseme basi, na mashindano ya Mombasa naenda. Chakula changu ni cha nyumbani kwetu, mkate wa mofa, wali wa nazi, samaki, na chai ya maziwa asubuhi na jioni. Maziwa yenyewe yanatoka bara, upande wa Witu, mamangu kwao ni wafugaji huko, nayanywa tangu najijua na sijawahi kuumwa tumbo hata siku moja.

Sasa nikaona tangazo, unatema mate kwenye kichupa, unawatumia, wanasoma jeni zako wanakupangia chakula kinachokufaa wewe peke yako. Shilingi 30,000 na kitu. Nilidunduliza wallahi, si pesa za mchezo kwangu. Kichupa kikaja kwa basi mpaka Mokowe nikakifuata mwenyewe kwa boti. Majibu yalichelewa sana lakini hilo nimelisamehe.

Ripoti ilipofika, ukurasa wa kwanza wananipongeza nina jeni ya kasi, ACTN3, nikafurahi nikawaonyesha wenzangu wote. Baadaye sana ndo naambiwa huku kwetu Afrika Mashariki karibu kila mtu anayo hiyo jeni ikiwa inafanya kazi, wasiokuwa nayo wengi wako Ulaya na Asia. Kwa hiyo walinipongeza kwa kuwa na kitu ambacho hata muuza mbaazi anacho.

Lakini kilichoniudhi ni ukurasa wa chakula. Wameandika kwa herufi kubwa mwili wangu hauwezi kumeng'enya maziwa, niyaache kabisa, badala yake ninywe maziwa ya lozi na nile salmoni. Salmoni! Mimi wa Lamu, asubuhi changu na nguru wanashushwa bado wanarukaruka, niende nikatafute samaki wa barafu kutoka nchi za baridi. Maziwa ya lozi nilitafuta, bei yake pakiti moja nanunua maziwa ya ng'ombe ya siku kadhaa.

Nikafuata lakini. Nilikuwa nimelipa, nikasema hawa wamesoma. Wiki kama tano sita hivi chai yangu ya rangi, na sikupata cha kujazia pengo, nikakonda, nikawa nikifika matuta ya mchanga ya Shela miguu imekufa, nasimama kama mzee. Mke wangu akaanza kuniuliza kama naumwa.

Nikapiga simu, kwenye bei wameweka na kuongea na mtaalamu wao wa lishe. Huyu mama (sauti ya kijana tu) hata salamu hakuijibu. Mimi nimesema asalaam aleikum daktari, habari za kazi, yeye ananiambia "namba yako ya sampuli?" Nikampa. Nikamweleza taratibu, daktari mimi maziwa nimekunywa maisha yangu yote, mamangu, babu yangu, wote, na tangu niyaache nguvu zimeisha. Akaniambia, na maneno haya nayakumbuka vile vile, "Sasa wewe unajua kuliko DNA yako? Mashine haikosei. Nyinyi watu wa pwani mnapenda kubishana." Akakata. Nilibaki na simu mkononi, nimesimama katikati ya barabara mpaka mwenye punda akaniambia nipishe.

Mpwa wangu anasoma biolojia chuo kikuu, alipokuja likizo nikampa ile ripoti. Akaisoma kidogo tu akasema mjomba, hawa wameangalia sehemu moja tu, ile ya Wazungu. Akanieleza, na mimi naeleza nilivyoelewa. Mtoto akishaachishwa ziwa, kwa kawaida mwili unapunguza ile kazi ya kuvunja sukari ya maziwa. Kuna watu haupunguzi, kwa sababu ya badiliko dogo kwenye DNA. La watu wa Ulaya liko pahala pake. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani anaitwa Sarah Tishkoff na wenzake walipima watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, wakakuta wafugaji wa huku wana mabadiliko yao wenyewe, yako karibu na lile la Ulaya lakini siyo lile. Waarabu nao wana lao. Sasa ukitafuta la Mzungu kwa mtoto wa mfugaji wa Witu ukalikosa, umejua nini? Hujajua kitu! Lile la kwetu sijapimwa, siwezi kuapa ninalo, lakini nao hawakupima na wakaandika "hauwezi". Hao wakimbiaji wa Iten wanaoshinda dunia nzima wanakunywa chai ya maziwa kila siku, hilo kila Mkenya analijua.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna kitu wamenisaidia. Ripoti ilisema kahawa kwangu inakaa sana mwilini, jeni inaitwa CYP1A2. Mimi nilikuwa kila jioni pale Mkunguni nakunywa kahawa chungu vikombe vitatu vinne, na siku ya mashindano nakunywa ndo nikimbie. Nikaacha ya jioni na ya mashindano. Usingizi umerudi, na safari iliyopita nilimaliza vizuri kuliko mara zote. Mpwa wangu anasema hilo lina utafiti, mwaka 2018 huko Toronto waliwapima wanamichezo 101 kwa baiskeli kilomita 10, wenye jeni ya kuisafisha kahawa haraka iliwaongezea kasi, wale wa pole pole kabisa ikawarudisha nyuma. Kwa hiyo si kwamba elimu yenyewe ni uongo. Nilitaka kuwapa nyota moja, nikafika hapa nikasema nyota tatu, haki yao.

Halafu nakumbuka ile simu. Mngekuwa mmesema "tumeangalia hii tu, nyingine hatukuangalia, jisikilize tumbo lako" ningewatangaza Lamu nzima mpaka Faza. Lakini mtu anakulipa, anakupigia kwa adabu, anakwambia naishiwa nguvu, unamtukana na kwao? Nyota moja. Na hiyo ni ya kahawa.

Maziwa nimerudia, miguu nayo inarudi kidogo kidogo. Pesa siwadai tena. Nataka yule dada anipigie, aanze na salamu, aniambie hawakupima la kwetu. Namba yangu wanayo.