Kujitolea katika chama cha watu wenye ulemavu jijini Tanga: tathmini ya mwanachama mshiriki

Chama ninachokizungumzia kina ofisi katika nyumba ya kupanga kwenye mojawapo ya kata za jiji la Tanga, na hupokea watu wa kujitolea mwaka mzima. Kinastahili muda wa mtu mwenye shughuli zake, mradi anayejiunga awe tayari kupangiwa kazi na watu wenye ulemavu wenyewe, kwani mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote hutoka miongoni mwao. Kwa mujibu wa katiba ya chama, sisi tusio na ulemavu ni wanachama washiriki: tunalipa ada na kuhudhuria vikao, lakini hatupigi kura ya kuchagua viongozi. Wapo waliolalamikia utaratibu huo, ingawa kwa maoni yangu ndio uliokiepusha chama na tabia ya wafadhili kuamua kila jambo.

Kujiunga si kugumu. Mwombaji hujaza fomu na kuleta barua ya mwenyekiti wa mtaa wake, na anayetaka kufanya kazi na watoto hutakiwa pia kuwa na wadhamini wanaomfahamu vyema. Kinachofuata ni mafunzo ya awali ya Lugha ya Alama ya Tanzania, yanayofundishwa na mwalimu kiziwi ambaye haruhusu sauti wala mkalimani darasani, hivyo mwanafunzi hulazimika kutazama uso na mikono tangu somo la kwanza. Mafunzo haya peke yake yanatosha kumridhisha aliyelipa ada.

Kazi yenyewe hufanyika zaidi majumbani. Tunamfuata mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwa familia zenye watoto wenye mtindio wa ubongo, tunajifunza namna ya kumkalisha na kumlisha mtoto bila kumpalia, kisha tunarudi wiki zinazofuata kuona kama mazoezi yanaendelea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kiti cha magurudumu cha msaada, ambacho hupigiwa picha nyingi siku ya kukabidhiwa, mara nyingi huishia kubebea ndoo za maji. Kiti cha mtu mzima hakimfai mtoto asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake, kwa kuwa huteleza, hupinda mgongo na huweza kupata vidonda vya kukandamizwa. Chama kimejifunza kutengeneza viti vya maboksi yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, vikiwa na meza ya mbele na pahali pa kuegemeza miguu, kwa vipimo vya mtoto mwenyewe. Vikikauka vizuri huwa vigumu kama mbao, na mtoto akikua hutengenezewa kingine bila gharama kubwa.

Sehemu nyingine ya kazi ni kufuatilia haki ofisini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, na halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, ambapo asilimia 2 ni ya kundi hili. Hata hivyo, haki iliyoandikwa haimfikii fundi cherehani asiyeona tangazo lililobandikwa ukutani, wala kiziwi anayefika dirishani pasipo na anayejua alama. Mtu wa kujitolea husoma, hujaza fomu na hukalimani, kisha hunyamaza, kwani mwenye shida ndiye anayejieleza. Wengi wetu hushindwa na hilo la kunyamaza.

Kasoro zipo. Nauli za ziara hurejeshwa kwa kuchelewa, jambo linalowaondoa vijana wasio na kipato, na ratiba hubadilishwa ghafla wageni wa wafadhili wanapotangaza kuja, hata kama ni siku ya mazoezi ya watoto. Ofisi ina njia nzuri ya mteremko mlangoni, lakini mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti cha katibu, kasoro ambayo mwenye nyumba amekwisha kuahidi kuirekebisha zaidi ya mara moja. Aidha, baadhi ya wahitimu hujiunga ili wapate barua ya uzoefu na kutoweka mara tu wanapoipata, na familia iliyomzoea mtu hulazimika kuanza upya na mgeni.

Ninawashauri wajiunge wale wanaoweza kutoa nusu siku kila wiki kwa miezi kadhaa. Mwenye nafasi ya siku moja tu anaweza kupeleka maboksi makavu na unga wa ngano, ambavyo hupokewa siku yoyote ya kazi na ndivyo huisha haraka kuliko vifaa vingine vyote.