Metacam ya maji kwa mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo: dawa, bomba lake na vipimo visivyoepukika

Mbwa mzee anayeinuka kwa taabu, akinyanyua kifua kwanza na kuburuta miguu ya nyuma, kisha akatembea kidogo na kuonekana amepata nafuu, mara nyingi ana ugonjwa wa viungo uliokwisha kukomaa. Gegedu iliyokuwa ikikinga ncha za mifupa imelika, utando wa kiungo umevimba, na misuli ya mapaja inanywea kwa sababu mnyama anaogopa kuutegemea mguu. Ugonjwa huu hauponi. Kinachowezekana ni kumpunguzia maumivu siku hadi siku, kwa miezi au miaka, bila kumharibia tumbo wala figo. Ni kwa kazi hiyo tunaipima Metacam ya maji yenye miligramu 1.5 za meloksikamu katika kila mililita, dawa ya Boehringer Ingelheim inayotolewa kwa cheti cha daktari wa mifugo.

Tuanze na uamuzi. Ni dawa nzuri, na sifa yake kubwa kwa mbwa mzee haiko kwenye nguvu. Iko kwenye umaji wake. Dozi ya maji inaweza kushushwa kidogo kidogo mpaka ufikie kiasi cha chini kabisa kinachomwezesha mbwa kutembea vizuri, na kwa mnyama ambaye figo zake zinachoka kila mwaka, hilo ndilo jambo la kutafuta. Vidonge vya kutafuna vya dawa hiyohiyo vinatoka kwa miligramu 1 na 2.5 na vinakatika nusu, basi. Lakini chupa hii bila vipimo vya damu ni hatari tupu, na asiye na nia ya kuvifanya asiinunue.

Ndani ya boksi mna chupa na bomba la kupimia lisilo na sindano. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Alama za bomba hilo si mililita. Ni uzito wa mbwa. Ukivuta dawa hadi alama ya 20, umepima dozi ya kila siku ya mbwa wa kilo 20, yaani miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili. Siku ya kwanza peke yake hutolewa mara mbili ya hapo, miligramu 0.2 kwa kilo, ili dawa ifike haraka kwenye kiwango cha kufanya kazi. Mbwa wa kilo 30 atapata mililita 4 siku ya kwanza, na kuanzia siku ya pili mililita 2. Kosa linalotokea nyumbani ni kuendelea na dozi ya siku ya kwanza kwa sababu mbwa ameonekana kuchangamka. Anachangamka, ndiyo, na wiki inayofuata anatapika.

Bomba zinazouzwa Marekani zina alama za pauni. Kilo 1 ni takriban pauni 2.2, kwa hiyo mbwa wa pauni 44 akipimiwa kwenye bomba la kilo hadi alama ya 44 amepewa zaidi ya mara mbili ya haki yake. Ipo pia chupa ya miligramu 0.5 kwa mililita, ya paka na mbwa wadogo, ambayo ni theluthi moja tu ya ukali wa hii. Bomba la chupa moja halipimi dawa ya chupa nyingine. Hata unapohamia meloksikamu ya kampuni nyingine yenye ukali uleule wa 1.5, jambo ambalo halina ubaya wowote, tupa bomba la zamani utumie lililokuja na chupa mpya.

Kwa mbwa mdogo sana bomba hili ni dhaifu. Mbwa wa kilo 3 anahitaji mililita 0.2, na povu dogo la hewa linatosha kubadilisha kipimo. Mwombe daktari bomba la kawaida la mililita 1 na akuandikie dozi kwa mililita, au akupe ile chupa ya 0.5, ambayo kwa mbwa huyo huyo dozi yake ni mililita 0.6, rahisi kuisoma.

Na vidonge vya meloksikamu vya binadamu? Kidonge kidogo kabisa kina miligramu 7.5. Hiyo ni dozi ya kila siku ya mbwa wa kilo 75. Ukimpa mbwa wa kilo 7.5 umempa mara kumi. Kuokoa pesa kwa njia hiyo kunaishia kwenye dripu na vidonda vya tumbo.

Ladha ni ya asali na mbwa wengi huikubali bila ubishi. Tikisa chupa vizuri kila mara, kwani dawa imeelea kwenye maji na haikuyeyuka. Usiimwage juu ya bakuli zima la chakula: mbwa akibakiza nusu, hakuna ajuaye amekula dawa kiasi gani. Ichanganye na kijiko kimoja cha chakula, umpe hicho kwanza, ukiona amekimaliza ndipo umpe kilichobaki. Mbwa aliyekataa chakula siku hiyo asipewe dawa. Ukisahau dozi, subiri kesho, wala usifidie. Ladha hiyohiyo ndiyo sababu ya kuiweka kabatini kwenye mlango unaofungwa, maana mbwa akiipata chupa anaweza kuitafuna na kunywa yote, na hapo ni kumkimbiza kwa daktari papo hapo, hata kama bado haonyeshi dalili.

Sasa tumbo na figo. Meloksikamu hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye kiungo. Tatizo ni kwamba kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na ndizo zinazoweka mishipa ya figo wazi mwili unapopungukiwa maji. Mbwa kijana mwenye afya anavumilia. Mbwa mzee ambaye figo zake zimepoteza sehemu ya uwezo, akaharisha siku mbili, akaacha kunywa maji, kisha akapewa dozi kama kawaida, anaweza kuharibika figo ndani ya siku chache. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni fupi: akitapika, akiharisha, akigoma kula, simamisha dawa siku hiyohiyo kisha umpigie daktari. Usisubiri kuona itakuwaje. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyomeng'enywa, na ni dharura. Kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, au ufizi kuwa wa manjano, ni sababu ya kupima damu kabla ya dozi nyingine.

Kabla ya dozi ya kwanza daktari apime uzito kwa mizani, si kwa macho, na achukue damu ya kuangalia kreatinini na yurea kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, protini, na wingi wa chembe nyekundu. Mkojo nao upimwe. Wengi huuacha, na ni kosa, kwa sababu kreatinini hupanda figo zikiwa zimekwisha kuumia sana, ilhali mkojo mwepesi usiokolea unaweza kukuonya mapema zaidi. Vipimo virudiwe wiki mbili hadi nne baada ya kuanza, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Matokeo ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko yote: bila hayo, namba ya baadaye haina cha kulinganishwa nacho.

Dawa nyingine anazomeza mbwa zitajwe zote, hata zile za binadamu alizopewa kwa huruma. Meloksikamu haichanganywi na aspirini, ibuprofeni, diklofenaki wala karprofeni, na haichanganywi na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Ukuta wa tumbo hautahimili. Akihama kutoka mojawapo, kunahitajika muda wa mapumziko katikati. Lebo zinazotumika Ulaya zinataka angalau saa 24 kutoka dawa nyingine za kundi hili, lakini madaktari wengi hupendelea siku kadhaa, na kwa steroidi zaidi ya hapo. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia furosemidi pamoja na benazeprili au enalaprili yumo kwenye hatari ya pekee, kwani dawa hizo mbili na meloksikamu, zote tatu kwa pamoja, hupunguza msukumo wa damu kwenye figo. Lebo yenyewe inakataza kuitumia kwa mbwa ambaye moyo, ini au figo zake hazifanyi kazi ipasavyo, au mwenye tumbo linalovuja damu.

Nafuu huonekana kwa kawaida ndani ya siku tatu au nne. Siku kumi zikipita bila mabadiliko, simamisha na urudi kwa daktari: huenda maumivu si ya viungo. Mbwa wazee hupata uvimbe wa mifupa, mishipa ya uti wa mgongo iliyobanwa, na mishipa ya goti iliyokatika, na hayo hutibiwa kwa njia nyingine.

Jicho la mwenye mbwa hudanganywa na matumaini, kwa hiyo andika. Kuna dodoso lililoundwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, linalojulikana kwa herufi CBPI, lenye maswali 11: manne ya ukali wa maumivu, sita ya namna yanavyozuia kutembea, kuinuka, kukimbia na kupanda, na moja la hali ya maisha kwa jumla. Lijaze kabla ya kuanza dawa, kisha kila wiki, na aliyelijaza mwanzo ndiye aendelee kulijaza. Picha ya video ya mbwa akiinuka asubuhi, ikichukuliwa mahali palepale, inamsaidia daktari kuliko maelezo marefu, kwa sababu wakiwa kliniki mbwa wengi huficha kuchechemea kwa hofu.

Hali ikitulia kwa wiki kadhaa, hapo ndipo Metacam ya maji inapolipa. Kwa makubaliano na daktari, shusha dozi kwa takriban sehemu moja ya kumi: mbwa wa kilo 30 apimiwe kwenye alama ya 27. Kaa hapo wiki mbili ukijaza dodoso. Namba zikibaki palepale, shuka tena. Zikianza kupanda, rudi hatua moja juu. Baadhi ya mbwa hutulia kwa kiasi kidogo sana kuliko walichoanza nacho, wengine hawavumilii hata punguzo la kwanza, na hakuna njia ya kujua ila kujaribu. Kwa mbwa mnene, madaktari wengi hukokotoa dozi kwa uzito anaopaswa kuwa nao badala ya ule wa kwenye mizani.

Unene wenyewe ni adui mkubwa wa viungo kuliko watu wanavyodhani. Mbwa mnene akipungua hata asilimia 6 hadi 9 ya uzito wake, kuchechemea kwake huanza kupungua, bila dawa kuongezwa. Mbavu zipapasike kwa urahisi, kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Sakafu inayoteleza itandikwe mikeka yenye mpira chini, kuanzia alipolala hadi kwenye bakuli la maji. Kucha zikatwe na manyoya kati ya vidole yapunguzwe ili nyayo zishike. Matembezi mafupi ya dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, ni bora kuliko moja refu la wikiendi linalomlaza siku mbili. Hakuna dawa itakayofidia sakafu ya vigae.

Ikifika siku meloksikamu haitoshi, au vipimo vya figo vikaanza kupanda, usiongeze dozi juu ya 0.1. Daktari anaweza kuongeza gabapentini, akianza kidogo kwa sababu humlegeza mbwa na kumfanya ayumbe. Dawa ya maji ya gabapentini ya binadamu iangaliwe lebo, kwani baadhi zina zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa. Grapipranti, inayouzwa kwa jina Galliprant, huzuia kipokezi kimoja tu cha prostaglandini na hivyo huathiri figo kwa kiasi kidogo kuliko meloksikamu, ingawa bado huhitaji vipimo. Librela ni sindano ya kupunguza maumivu ya viungo, ya mara moja kwa mwezi, na kwa mbwa asiyeweza kumeza dawa za kundi la meloksikamu ni msaada wa kweli. Hata hivyo, Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari wa mifugo kuhusu ripoti za madhara baada ya sindano hiyo, yakiwemo kuyumba, degedege, kushindwa kuzuia mkojo na kunywa maji kupita kiasi. Ulizia hayo kabla ya sindano ya kwanza.

Kuhusu ukubwa wa chupa: ikishafunguliwa, dawa itumike ndani ya miezi 6. Mbwa wa kilo 30 humaliza mililita 100 kwa siku 49, kwa hiyo chupa kubwa inamfaa. Mbwa wa kilo 5 hutumia theluthi ya mililita kwa siku; miezi 6 yake ni mililita 60 hivi, na chupa ya 100 itamwagwa karibu nusu. Yeye achukuliwe ya mililita 32, itakayodumu miezi mitatu, muda unaoangukia vizuri kwenye kipimo kingine cha damu. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika.