Siku tatu za mafunzo ya kusindika machungwa yaliyokataliwa, Muheza

Anayeijua Muheza, mkoani Tanga, wakati wa msimu hahitaji kuelezwa habari ya machungwa yanayobaki chini ya miti baada ya lori la wanunuzi kuondoka kuelekea Dar es Salaam au Nairobi: yenye makovu, madogo mno, na yaliyodondoka kabla ya kuchumwa. Kwa ajili ya hayo, pamoja na maganda yanayotupwa na wakamua juisi, kikundi kimoja cha usindikaji kiliendesha mafunzo kwa wakulima, nami nilihudhuria kwa niaba ya shamba la familia yetu.

Kwa upande wa ufundi nawasifu bila kusita. Siku ya marmaledi, yaani jamu ya machungwa yenye vipande vya maganda, mwalimu alitukataza kutupa mbegu na ule utando mweupe wa ndani ya ganda. Alitufundisha kuvifunga katika kipande cha melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, na kuvichemsha pamoja na maganda yaliyokatwa membamba kama njiti za kiberiti, kwa kuwa humo ndimo ilimo pektini inayogandisha marmaledi pasipo kununua unga wa kiwandani. Kipimajoto kilipofika nyuzi 105 alidondosha tone kwenye sahani baridi, akalisukuma kwa kidole, na lilipofanya mikunjo akaepua sufuria. Chungwa lililoingia ukungu alilitupa lote, wala hakukubali tukate upande ulioonekana mzima, na msimamo huo ulinifanya niamini kwamba anamjali mlaji. Siki nayo ilielezwa vizuri: sukari hugeuka kileo, kisha bakteria wanaohitaji hewa hukigeuza kileo kuwa siki, ndiyo maana ndoo hufunikwa kwa kitambaa.

Upungufu uko kwenye biashara. Chupa, lebo na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) viliachiwa saa ya mwisho, watu wakiwa wameshafunga mizigo, ilhali hapo ndipo mkulima anapokwama. Hakuna aliyetueleza kwamba mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS. Nililijua hilo baadaye, marmaledi yangu ikiwa imeshakataliwa na maduka mawili.

Hata hivyo nampendekezea mkulima yeyote wa machungwa ajiunge, mradi aulize mapema habari za soko na achague mafunzo ya mwanzo wa msimu, kwani sisi tuliofundishwa mwishoni tulirudi shambani tukakuta machungwa yetu yameshaoza.