RRDtool au Prometheus kwa seva ya Chake Chake?
Kwa seva moja ya ofisi hapa Chake Chake, mimi nabaki na RRDtool, programu ya kuhifadhi vipimo vya seva na kuvichorea grafu, kazi ya Tobias Oetiker ya mwaka 1999. Faili lake halinenepi: ukubwa hupangwa siku ya kwanza, na takwimu zikizeeka hufanywa wastani. Ubaya wake ni huohuo. Prosesa ikipanda hadi asilimia 100 kwa dakika mbili, mwakani hukioni kilele hicho kwenye grafu, isipokuwa uliagiza mapema vilele navyo vihifadhiwe. (Mimi nilisahau.) Prometheus, programu nyingine ya kuhifadhi vipimo iliyoanzia SoundCloud, kampuni ya muziki mtandaoni, mwaka 2012, hutunza kila kipimo kama kilivyo, ila kwa siku 15 tu usipobadilisha mpangilio. Grafu zake ndani ya Grafana, programu ya kuchora grafu, zinapendeza, wallahi. Seva zikifika kumi, Unguja na Pemba, nitahama.