Mbeleko ya mama: ya kwanza ilitutisha, ya pili tunayo hadi leo

Mashine ya kunyanyulia mgonjwa tuliipata mapema, na sote tukadhani kazi imeisha. Hakuna aliyetuambia kwamba kile kitambaa kinachotundikwa kwenye mashine ndicho kinachoamua kama mgonjwa atanyanyuka salama au atateleza. Wauzaji wanakiita slingi. Nyumbani kwetu kinaitwa mbeleko, jina alilolitoa mama mwenyewe siku ya kwanza alipojiona hewani: "Haya wanangu, niliwabeba, sasa nibebeni."

Mama alipata kiharusi, na upande wa kushoto hauna nguvu. Anaongea vizuri na anakula mwenyewe kwa mkono wa kulia, ila kiwiliwili hakijishikilii. Ukimkalisha bila mto anaegama upande mmoja. Hilo la kiwiliwili ndilo tulilopaswa kulisema kabla ya yote tulipokwenda kununua, na hatukulisema. Muuzaji alituuliza uzito tu. Kilo 61, tukajibu. Akatupa mbeleko ya choo.

Mbeleko ya choo ina mkanda mpana unaozunguka kifua kwa chini ya makwapa, vipande viwili vya mapaja, na uwazi mkubwa makalioni ili nguo zishushwe kwa urahisi. Kuivalisha ni suala la dakika mbili. Kwa mtu anayeweza kukaza mgongo na kubana mikono ubavuni, inamrahisishia kwenda msalani na kumlindia heshima yake, na sitaki kuisema vibaya kwa mtu wa namna hiyo. Kwa mama ilikuwa hatari. Siku ya tatu, tukimtoa kitandani kwenda kwenye kiti, mkono wake wa kushoto ulianza kupanda, mkanda ukamfuata kwapani, na makalio yakaanza kushuka kwenye ule uwazi. Mdogo wangu alimkumbatia mapaja, mimi nikabonyeza kitufe cha kushusha, tukamrudisha kitandani. Hakuvunjika kitu. Ila bega lilimuuma siku mbili, na wiki nzima kila mota ya mashine ilipoanza kuunguruma alikuwa ananishika nguo.

Baada ya hapo tulimwita mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuja na futi ya kupimia kama ya fundi cherehani. Akamgeuza mama ubavu, akapima kutoka kitokono, pale uti wa mgongo unapoishia chini, hadi utosini, kwa sababu shingo yake huchoka haraka na alitaka kitambaa kifike kichwani. Kisha akapima unene wa mapaja. Uzito aliuliza mwisho. Alitueleza kwamba watu wawili wenye kilo zilezile wanaweza kuhitaji saizi mbili tofauti, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mnene. Ikiwa kubwa mno, mgonjwa anazama na anaweza kuchomoka. Ikiwa ndogo, inamkata kwenye kinena na kumbana mabega. Akasisitiza pia tuangalie kikomo cha mzigo kwenye mashine na kwenye mbeleko, na kufuata kile kilicho kidogo.

Aliyotuchagulia ni ile yenye umbo la U, yenye sehemu ya kichwa iliyotiwa vipande vigumu ndani, saizi ya kati. Miezi 8 sasa ndiyo tunayoitumia kila siku, na hii ndiyo ninayoisifu.

Kuivalisha kitandani kunataka subira. Unamgeuza mgonjwa ubavu, unalaza nusu ya kitambaa ikiwa imekunjwa mgongoni, ukingo wa chini usawa wa kitokono, mstari wa katikati juu ya uti wa mgongo. Unamgeuza upande wa pili, unavuta nusu iliyobaki. Halafu unapitisha kila mguu wa kitambaa chini ya paja, ukipapasa kwa kiganja kuhakikisha hakuna mkunjo. Mkunjo mdogo ambao huuoni ndio unaochubua ngozi. Mwisho unapitisha kitanzi cha mguu mmoja ndani ya kitanzi cha mwenzake, ili mapaja yakae pamoja. Mama anapenda hivyo, anasema anajisikia amefunikwa.

Siri kubwa iko kwenye vitanzi. Kila mkanda una vitanzi vya rangi tofauti, vifupi hadi virefu. Ukitundika vifupi mabegani na virefu miguuni, mgonjwa anakaa wima. Ukigeuza, analala nyuma. Sisi tukimpeleka kwenye kiti tunatumia kijani mabegani na bluu miguuni, na kushoto lazima kufanane na kulia. Nimebandika karatasi ukutani ili shangazi akija kunipokea zamu asibahatishe. Mkanda ukishakaza tu, kabla makalio hayajaacha godoro, tunasimama na kukagua vitanzi vyote vinne kwenye kulabu. Hatujawahi kuruka hatua hiyo tangu siku ile.

Kasoro zipo. Bluu na kijani zinakaribiana mno, usiku taa ikiwa hafifu zinachanganya. Lebo imeanza kufutika, na mtaalamu alishatuonya kwamba mbeleko isiyosomeka lebo haifai kutumika, kwa hiyo namba zake nimezinakili na nimemwomba muuzaji lebo mpya. Sehemu ya miguu ina sponji, haikauki upesi. Dawa ya kung'arishia nguo ni marufuku, na joto kali pia, kwa sababu vinachosha nyuzi. Naianika kivulini, na kabla ya kuikunja napitisha kidole kwenye kila mshono nikitafuta uzi uliokatika. Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinataka vifaa vya kunyanyulia watu kazini vikaguliwe na mjuzi angalau kila miezi 6. Nyumbani mjuzi ni wewe, na jicho lako ni la kila siku.

Kwa kuoga tuna nyingine ya wavu, maji yanapita na inakauka haraka. Sina la kuongeza juu yake, inafanya kazi yake.

Kabla hujanunua, angalia mashine yako inashika vitanzi au vibanio vya plastiki, na muulize mtengenezaji kama anaikubali mbeleko hiyo. Na mama akishakaa kwenye kiti tunaitoa chini yake. Hii yetu haikutengenezwa kukaliwa kutwa, na ngozi yake haivumilii.

Mwezi uliopita tumenunua nyingine kama hii ya U, umbo lilelile na saizi ileile, kwa ajili ya siku ambazo hii iko kwenye kamba. Mama aliishika ukingo, akaigeuzageuza kwa mkono wake wa kulia, akauliza kama imeshapimwa.