Kashmir ya kale: uanze na Mahabharata au Rajatarangini?

Mahabharata, utenzi wa kale wa India kuhusu vita vya ndugu wa koo za Pandava na Kaurava, ina vitabu 18, na Kashmir ndani yake inapita kama abiria wa dirishani: Arjuna, mmoja wa Pandava, anawashinda mashujaa wake akiwa njiani kaskazini, basi, safari inaendelea. Ukitaka kuona bonde hilo lilivyotazamwa kutoka nje, hapo pako.

Rajatarangini, historia ya wafalme wa Kashmir kwa mashairi, aliyoianza mshairi wa huko Kalhana mwaka 1148, ni fupi zaidi na imekaa bondeni mwenyewe. Humo mfalme Gonanda anauawa na Balarama, kaka yake Krishna, mungu aliye pia katika Mahabharata; mwanawe Gonanda, Damodara, anauawa na Krishna, kisha Krishna huyohuyo anamtawaza mjane mjamzito wa Damodara, Yashovati. Vita kuu ya Mahabharata ilipofika mfalme, mwana wa Yashovati, alikuwa bado mtoto, kwa hiyo hakuna upande uliomwalika. Ujanja mtamu wa kueleza kwa nini Kashmir haikupigana!

Kwa kuaminika, Kalhana anashinda akikaribia zama zake. Huko nyuma tahadhari, maana yuko mfalme aliyetawala miaka 300.

Anayefuata Pandava na Kaurava aanze na utenzi, apekue kitabu cha pili. Anayetaka wafalme wa Kashmir, Kalhana anamtosha.